na.omit na daftari la omena

Ni majuma mengi sijaandika hapa, na sababu ni kazi. Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonipa la kuandika, kwa hiyo tusilaumiane.

Leo nataka tuzungumze kuhusu amri moja ya lugha ya R. Ina herufi sita na nukta, na kila anayejifunza takwimu kwa tarakilishi hukutana nayo wiki ya kwanza: na.omit. Unaipa jedwali lenye mapengo, nayo inakurudishia jedwali lisilo na pengo hata moja. Kila mstari uliokuwa na kisanduku kitupu, hata kimoja tu, umeondolewa. (Mstari ni ule unaolala, safu ni ile inayosimama. Tukubaliane hivyo leo, maana kila kitabu kina maneno yake.)

Kwa wasioijua, R iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure na inaenda vizuri hata kwenye kipakatalishi kikuukuu kama changu. Wewe unayetumia Python na pandas usijione umepona: kwenu amri hiyo inaitwa dropna, na yote nitakayosema yanakuhusu.

Haya. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna akina mama wanaonunua omena kwenye fuo za Bondo, wanaanika, kisha wanauza kwa gorogoro sokoni au kwa wachuuzi wanaopeleka Kisumu na mbali zaidi. Kwa msomaji wa mbali: omena ndio dagaa wa Ziwa Viktoria, wale ambao Waganda huwaita mukene. Taasisi moja ndogo ya mikopo, ambayo sitaitaja, ilitaka kuwakopesha akina mama hao. Ili kujua kila mmoja anaweza kulipa kiasi gani kwa siku, ilihitaji kujua ni makarai mangapi ya omena hufika ufuoni kwa siku. Habari hizo zipo, kwenye madaftari. Tangu kanuni za mwaka 2007 za kamati za usimamizi wa fuo, zile tunazoziita BMU, kila ufuo una kamati yake, na ufuo ninaouzungumzia una karani anayeandika tarehe, mashua zilizorudi, makarai na bei. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuingiza daftari hilo katika tarakilishi. Hesabu za mikopo zilikuwa za kijana wao wa takwimu, aliyeko Nairobi.

Aliponitumia hesabu zake nione kama zinasoma faili langu, mstari wa kwanza ulifungua faili. Wa pili ulikuwa huu:

omena <- na.omit(omena)

Wa tatu ukatafuta wastani. Basi. Kijana si mjinga, tena anaandika programu safi kuliko mimi. Alifanya kile ambacho masomo mengi ya mtandaoni hufundisha: "safisha data kwanza". Mimi neno hilo "safisha" silipendi hata kidogo, maana linakufanya uone pengo kama uchafu.

Kabla sijaeleza daftari lilikuwa na nini, tutazame R yenyewe inavyolichukulia pengo, maana hapa waliotengeneza lugha walikuwa na busara. Pengo linaandikwa NA. NA si sufuri wala si neno tupu. Maana yake ni "kuna thamani hapa, ila siijui". Ndiyo sababu NA + 5 inatoa NA. Ukiuliza kama NA ni sawa na NA, jibu ni NA pia, kwa kuwa vitu viwili usivyovijua huwezi kusema vinafanana. Lakini NA^0 inatoa 1, kwani nambari yoyote ile ikipandishwa kwa kipeo cha sufuri ni 1, hata usipoijua. Mimi nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini.

Ukiomba wastani wa safu yenye NA moja, R inakujibu NA. Wengi hukasirika hapo na kuandika na.rm = TRUE haraka haraka ili nambari itokee. Lakini R haijakosea. Imekuuliza swali: ile usiyoijua tuifanyeje?

Kwingine R hainyanyui hata sauti. Amri ya lm, ile ya kuchora mstari wa uhusiano kati ya vitu, huondoa mistari yenye mapengo bila kukuuliza, isipokuwa umebadilisha mipangilio. Unaweza kujaribu sasa hivi kwa data inayokuja na R yenyewe, airquality, ambayo ni vipimo vya hewa ya New York kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Ina mistari 153. Safu ya ozoni ina mapengo 37, safu ya mwanga wa jua ina 7. Ukitafuta uhusiano wa ozoni na upepo peke yake, R inatupa mistari 37. Ukiongeza mwanga wa jua, inatupa 42. Yaani hesabu zako mbili zinazungumzia siku tofauti, na habari hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo tu chini ya muhtasari.

Ukifanya na.omit(airquality) unabaki na mistari 111. Unasema si haba. Lakini hesabu kwa miezi: Mei zinabaki siku 24, Julai 26, Agosti 23, Septemba 29. Na Juni? Juni zinabaki siku 9 tu, kwa sababu ozoni ya Juni ina mapengo 21. Anayesema "hewa ya New York kiangazi kile" baada ya na.omit karibu hazungumzii Juni kabisa, na jedwali lake linaonekana safi kama kitambaa kipya.

Sasa turudi Bondo.

Nilikwenda ufuoni, upande wa Usenge, nikiwa na orodha ya tarehe zote zenye mapengo. Orodha hiyo unaipata kwa amri moja:

omena[!complete.cases(omena), ]

Alama ile ya mshangao maana yake ni "siyo". Kwa hiyo unasema: nionyeshe mistari isiyokamilika. Nawaomba sana, hata kama utaifuta mistari hiyo baadaye, ichapishe uitazame kwanza kwa macho yako. Nilipoitazama yangu niliona mapengo hayakutawanyika ovyo. Yalikaa pamoja, siku saba, siku nane mfululizo, kisha daftari likajaa tena, kisha pengo tena baada ya majuma matatu hivi.

Karani ni mzee wa makamo, mwandiko wake mzuri kuliko wa daktari yeyote ninayemfahamu. Nikamwonyesha karatasi. Akaniambia, "Nyathina, siku hizo mwezi ulikuwa umejaa. Hakuna aliyekwenda. Ningeandika nini?"

Nikamwambia, "Mzee, si ungeandika sufuri?"

Akanitazama kwa huruma. "Sufuri ni ya mtu aliyekwenda akakosa."

Wasiokulia ziwani wanahitaji maelezo kidogo. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa huwavuta wadudu na omena, kisha nyavu inatupwa. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa haushindani nao, samaki hawakusanyiki, na mafuta ya injini yanakwenda bure. Kwa hiyo wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu, huenda nyumbani kuona watoto. Kila anayeishi kando ya ziwa anajua hivyo. Tarakilishi ndiyo isiyojua, na aliyeko Nairobi pia.

Nilitaka kuhakikisha, nisitegemee maneno matupu. Mwezi una mzunguko wa siku 29.53 hivi, na mwezi ulikuwa mpya tarehe 6 Januari 2000. Kwa hiyo umri wa mwezi kwa tarehe yoyote unapatikana hivi:

umri <- as.numeric(omena$tarehe - as.Date("2000-01-06")) %% 29.53

Alama %% hutoa kinachobaki baada ya kugawanya. Umri ukikaribia 15, mwezi umejaa. Nikachora umri huo dhidi ya mapengo. Mapengo mengi yalisimama pamoja katikati ya mchoro kama kichuguu. Sikuhitaji jaribio lolote la kitakwimu.

Tufanye hesabu ndogo, kwa nambari za kubuni ili iwe rahisi. Chukua mwezi wa siku 30. Siku 18 zimeandikwa, kila moja makarai 40. Siku 8 ni za mbalamwezi, tupu. Siku 4 nyingine ni tupu kwa sababu nitakayoieleza. na.omit inabakisha siku 18, wastani ni makarai 40. Ukizidisha kwa 30 unapata 1,200. Ukweli ni kwamba katika siku zile 8 hapakuwa na omena kabisa ufuoni. Tukisema zile 4 zilifanana na siku za kawaida, jumla ya mwezi ni 880, na wastani wa siku unashuka hadi 29.3. Yaani amri ya herufi sita imezaa makarai 320 ambayo hayakuvuliwa na mtu yeyote.

Na mkopo ulipangwa kulipwa kila siku. Mama aliyekadiriwa kwa makarai 40 anaingia wiki ya mbalamwezi hana hata karai moja la kununua, na simu yake inaendelea kumkumbusha asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu faini. Siku ya nane jina lake liko njiani kwenda CRB. Hajafanya kosa lolote, ila mwezi umeandama kama kawaida yake.

Sasa zile siku 4. Nilidhani karani alikuwa mgonjwa, au kulikuwa na matanga. Mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini siku kadhaa alizikumbuka vizuri, akacheka. Zilikuwa siku za mavuno makubwa kupita kiasi. Mashua zilifika pamoja, wanunuzi wakagombana, na yeye mwenyewe akaacha kalamu akasaidia kupakua. Jioni hakukumbuka idadi, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu hakutaka kubuni.

Hapo mambo yanakuwa magumu kweli. Pengo la mbalamwezi ni sufuri iliyojificha. Pengo la mavuno makubwa ni kinyume chake: limeachwa wazi kwa sababu nambari yake ilikuwa kubwa mno. Zikiwa siku hizo zilikuwa na makarai 60, wastani wa mwezi wetu wa kubuni ni 32, si 29.3. Na ukiwa mtu wa kujihadhari ukajaza sufuri kwenye mapengo yote 12, utapata 24, ambayo nayo ni uongo. Mapengo mawili yanafanana kabisa kwenye jedwali, NA na NA, na maana zake zimepishana kama usiku na mchana.

Mwanatakwimu wa Marekani, Donald Rubin, aliliweka jambo hili katika mpangilio mwaka 1976, na wataalamu wote bado hutumia mgawanyo uliotokana na kazi yake. Majina yake ya kitaalamu yanachosha, nami nitayaeleza kwa daftari letu. Kuna pengo la bahati tupu: maji ya ziwa yamelowesha ukurasa na wino umeyeyuka. Hilo halina uhusiano wowote na samaki, na ukiifuta mistari hiyo unapoteza wingi wa data lakini hupotoshi wastani. Kuna pengo linaloelezwa na kitu kingine tulicho nacho: karani haji Jumapili, na sisi tunayo tarehe, kwa hiyo tunaweza kulirekebisha. Na kuna pengo linalotokana na ile thamani yenyewe isiyoandikwa, kama siku za mavuno makubwa. Hili la tatu halitibiki kwa data uliyo nayo peke yake. Ni lazima utoke ukaulize.

Kwa la pili kuna njia nzuri za kujaza mapengo kwa kukadiria mara nyingi badala ya mara moja, ili shaka yako ibaki ndani ya hesabu. Pakiti ya mice, iliyoanzishwa na Mholanzi Stef van Buuren, hufanya kazi hiyo. Nitaiandikia siku nyingine. Lakini mice haijui habari za mbalamwezi usipoiambia. Ukiipa daftari letu lilivyo, itajaza usiku wa mwezi mkubwa kwa omena wazuri wa kukadiria, na utakuwa umerudi pale pale.

Kuna pengo jingine nililokuta, nalo ni la kisheria. Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane. Ukikuta daftari liko kimya miezi hiyo, ukimya huo una maana mbili zinazowezekana: hakuna aliyevua, au aliyevua hakutaka kuandikwa. Hapo sikumuuliza mzee lolote, wala sikuweka sufuri. Niliacha NA nikaandika pembeni "msimu umefungwa".

Mtu atasema haya ni mambo ya samaki tu. Hapana. Kando ya ziwa hilo hilo, Asembo, KEMRI na CDC ya Marekani walianza mwaka 2001 kufuatilia idadi ya watu nyumba kwa nyumba. Miaka ya mwanzo wafanyakazi wao walipita kila boma mara tatu kwa mwaka, wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Fikiria wamefika na mtoto waliyemwandika mara ya mwisho hayupo. Kisanduku cha "hali yake leo" kiko tupu. Amehamia kwa nyanya yake Kisumu? Amefariki? Au yuko shuleni tu? Ukiifuta mistari ya wasiopatikana, watoto wanaobaki kwenye jedwali ni wale walio hai na walio nyumbani, na vifo vya watoto vitaonekana kupungua bila hata chandarua kimoja kugawiwa. Ndiyo maana katika kazi kama ile kuhama na kufariki ni majibu mawili tofauti, kila moja na tarehe yake, na hakuna ruhusa ya kuacha patupu. Eneo hilo na jirani yake Gem ndipo palipofanyika jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa miaka ya 1990, lililoonyesha vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 59 vikipungua kwa asilimia 16 hivi. Asilimia 16 si tofauti kubwa sana kwa macho. Uzembe wa kufuta mistari ungeweza kuimeza yote.

Sasa upande wa ufundi, kwa wale wanaotaka kufanya wenyewe. Angalia kwanza jinsi faili linavyofunguliwa. Karani wengi huweka kistari kidogo mahali pa nambari. R ikikiona kistari katika safu ya nambari, safu nzima inageuka kuwa maneno (na katika matoleo ya kabla ya 4.0.0 ya Aprili 2020, iligeuka kuwa kitu kibaya zaidi, faktori). Kwa hiyo sema mapema:

omena <- read.csv("omena.csv", na.strings = c("", "-"))

Lakini hapa tena kuwa mwangalifu. Kwa karani wangu kistari kilikuwa na maana: "hakuna aliyekwenda". Patupu kabisa palimaanisha "sikuandika". Ukiviunganisha vyote kuwa NA umefuta tofauti ambayo mtu aliilinda kwa mkono wake. Mimi nilisoma safu hiyo kama maneno kwanza, nikatengeneza safu mpya inayoitwa sababu, ndipo nikageuza nambari.

Na kumbuka na.omit hutazama safu zote. Daftari letu lilikuwa na safu ya maelezo, ambayo siku nyingi haina kitu. Baada ya na.strings ile, kisanduku cha maelezo kisicho na kitu nacho ni NA. Ukiita na.omit hapo utabaki na siku chache zenye maelezo, yaani siku za ugomvi, dhoruba na mashua kupinduka. Chagua safu unazozihitaji kwanza.

Sisemi na.omit itupwe. Ninaitumia. Ukurasa uliolowa maji niliufuta kwa amri hiyo hiyo bila kusita, baada ya kuhesabu mistari kwa nrow kabla na baada.

Kijana wa Nairobi tulizungumza kwa simu karibu saa nzima. Nilimtumia ule mchoro wa umri wa mwezi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali zuri: "Kaka, sasa tuwadai kila siku au kwa makarai?" Mpango wa sasa ni kwamba malipo yatasimama siku za mbalamwezi, kwa kalenda iliyopangwa mapema, na yataongezeka kidogo usiku ukiwa wa giza. Akina mama waliupokea bila mshangao wowote. Mmoja alisema ndivyo wanavyokopeshana wao kwa wao kwenye chama siku zote.

Siku za mavuno makubwa bado hatujakubaliana. Yeye anataka tuzijaze kwa wastani wa siku zilizoandikwa, mimi nataka tuziache wazi na kutoa makadirio mawili, la chini na la juu. Karani kwa upande wake ameomba kitu kimoja tu, kijana wa kumsaidia kupakua ili yeye abaki na kalamu.

Wiki ijayo nitaweka hapa programu yote pamoja na faili la mfano lenye nambari za kubuni, mlichezee.